Mahindi Yaliyoningoja

Mahindi matamu niliyaonja kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa kulia chakula wa chuo kikuu. Yalikuwa yametoka kwenye mkebe, yamemwagwa kando ya kipande cha samaki kama changarawe ya njano. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilitoka katika nyumba ambamo hindi lilijulikana kwa njia tatu tu: la kuchoma, la kuchemsha na la kusaga. Nilidhani mpishi amekosea akatia sukari. Nilimaliza sahani yangu, nikala na ya jirani yangu, kijana wa pwani aliyesema kwamba hicho ni chakula cha kasuku, kisha nikarudi chumbani nikiwa na hakika kwamba elimu ya juu ni jambo jema.

Naanza hapo ili ieleweke kwamba habari hii ilianza kwa majivuno yangu. Sikuwa na nia nyingine nilipoisimulia nyumbani likizo ya Desemba, nimekaa jikoni kwa Mama, katika vile vilima vya Kisii vilivyo kati ya Nyamache na Itumbe. Niliwaambia kwamba kuna mahindi yasiyohitaji meno. Unaiweka punje ulimini, unaibana kidogo tu, inapasuka, na maji yake ni matamu kama ya muwa. Mama aliniuliza kama huko chuoni tunafundishwa kusoma au kula. Dada yangu mdogo, aliyekuwa karibu kuingia darasa la saba, alitaka kujua kama mahindi hayo huota yakiwa ndani ya mikebe. Tulicheka. Baba yangu, ambaye kwetu tunamwita Tata nami sijaweza kumwita vingine hata kwenye maandishi, alikuwa amekaa karibu na mlango akitusikiliza.

Tata alikuwa mtu wa maneno machache. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, chai ilipoanza kuenea kwa wakulima wadogo wa kwetu, alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kung'oa wimbi, yaani ulezi, na kupanda miche. Majirani walikuja kumtazama kama watu wanavyokwenda kumtazama mgonjwa. Walimuuliza atakula nini, maana jani lile hata mbuzi hulinusa akalipita. Alipalilia, akapogoa, akangoja, na lori lilipoanza kusimama kwenye kituo chetu kuchukua majani, wale wale walirudi kuomba miche, akawapa. Nilisomeshwa na vile vichaka kuanzia sekondari hadi kwenye ule ukumbi wa samaki na mahindi ya mkebe, jambo ambalo nililikumbuka mara chache kuliko nilivyopaswa.

Mwaka huo, mapema katika miaka ya sabini, Tata alikuwa ameanza kukwamwa na chakula. Kwanza ilikuwa nyama. Kisha ukawa ugali wa wimbi, ambao mtu wa kwetu akiukosa siku moja husema hajala, hata kama amekula vingine vyote. Hospitalini mjini Kisii walimpima, wakamweleza kwa upole kwamba kuna kitu kimeota kooni na kwamba kitazidi kukua. Alishukuru, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani kupogoa chai. Kufikia Desemba alikuwa akiishi kwa uji, maziwa na ndizi zilizopondwa. Mama ndiye aliyempelekea, na sisi watoto tulitoka nje akianza kula, kwa sababu heshima ya kwetu haitaki mtoto amwangalie baba yake akihangaika na kijiko.

Mbele ya mtu huyo ndipo nilipotangaza kwamba nimegundua mahindi yasiyohitaji meno.

Siku mbili baadaye alinikuta nikichuma chai. Nilikuwa mchumaji mbaya. Nilichukua jani la tatu na la nne pamoja na yale majani mawili na chipukizi yanayotakiwa, na kikapu changu kilijaa upesi kwa sababu hiyo. Alisimama mstari wa pili, akawa anachuma kwa mikono yote miwili, kama anayecheza ala. Alikuwa amekonda, lakini mikono haikuwa imepata habari.

"Momura," aliniita, kama kwetu baba anavyomwita mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. "Yale mahindi uliyoyasema. Yanaota hapa?"

Nikaanza kumweleza juu ya mwinuko wa nchi yetu, mvua na aina za udongo. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza tena, kama mtu ambaye hajajibiwa, na kwa kweli sikuwa nimemjibu.

"Yanaota?"

"Yanaota, Tata."

"Basi lete mbegu. Kipande cha chini cha emonga ni chako."

Emonga ni shamba ambalo mwenye boma hujibakizia. Mashamba mengine ni ya nyumba, mke hulima na kulisha watoto. Lakini emonga ni lake mwenyewe, hagawi, na halimwi na mtu bila ruhusa yake. Tata alikuwa Msabato mwenye mke mmoja, na emonga lake halikuwa kubwa kuliko uwanja wa mpira wa shule ndogo, lakini lilikuwa emonga. Sikumbuki akiniomba kitu kingine chochote maishani mwake, wala sikumbuki akinipa kitu kikubwa kuliko hicho.

Mama alinieleza baadaye kilichokuwa moyoni mwa Tata, kwa maana kwetu ujumbe wa baba humfikia mwana kwa njia ya mama. Ugali alikuwa amekwisha kuusamehe. Alichotamani ni hindi bichi. Msimu wa mahindi mabichi, miaka yote ya ndoa yao, alikuwa hamwachii mtu amchomee. Alikaa mwenyewe kando ya moto, akaligeuza kwa vidole, akala punje mstari kwa mstari, bila kuruka. Uji, alimwambia Mama, ni chakula cha mtoto, na alikuwa amechoka kuwa mtoto. Alitaka msimu mmoja zaidi, na alijua kwamba mahindi yetu ya kawaida, hata yakiwa machanga, hayangepita. Yale yangu huenda yangepita. Ndilo tumaini lenyewe, na nilikuwa nimelianzisha mimi kwa domo.

Mbegu nilizinunua Nairobi, kwenye duka lililouza pia vyakula vya mbwa. Nilizileta likizo ya Pasaka, mvua zilipokuwa zimeshika. Nilipozimwaga kwenye ungo Mama aliinama akazitazama. Mbegu za mahindi matamu hukunjamana. Zinaonekana kama meno ya mzee aliyekufa zamani.

"Wamekuuzia maiti," alisema.

Tata aliichukua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Hata mimi nimekunjamana," alisema. "Zipandwe."

Nikazipanda, na ningependa kusema nilizipanda vizuri. Nilikuwa nimesoma kwamba mahindi haya yakikaa karibu na mahindi ya kawaida, upepo huyachanganya na utamu hupotea. Kwa hiyo nilifurahi kwamba kile kipande kilizungukwa na chai pande tatu na migomba upande wa nne. Nilikataa kuchanganya na maharagwe. Nilitaka kamba, vigingi, na shimo moja mbegu moja. Mama, ambaye alikuwa amelisha watu tisa kwa kutupa mbegu tatu tatu kwenye shimo bila kuinua macho, alisimama na jembe lake akanitazama nikipima kwa fimbo niliyoitia alama.

"Unapanda au unajenga?" aliuliza.

Nilikuwa na viatu vya mjini. Udongo wetu mwekundu ukilowa hushika kiatu kama mtu anayekudai, na kufikia mstari wa nne nilikuwa nimevivua, nikawa napanda peku, na Mama akaanza kunisaidia bila kuulizwa. Kamba ile ile niliyoitetea aliivuta kwa ustadi kuliko mimi. Tata alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba, koti limefungwa hadi shingoni, akatazama kila shimo lilivyofukiwa. Tulipomaliza alimwita dada yangu, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo kazi yake ni kufukuza ndege. Kisha akanigeukia kana kwamba anataka kusema neno, lakini lilikuwa la kuniambia ninawe miguu.

Nilirudi chuoni. Kutoka huko niliandika barua, na barua hiyo lazima niieleze vizuri kwa sababu ndiyo kiini cha mambo yote. Ilikuwa na kurasa tatu, kwa Kiswahili. Tata na Mama walisoma Biblia ya Kigusii kwa kidole, taratibu, lakini Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Dada yangu ndiye angewasomea na kuwafasiria. Ningeweza kuandika kwa Kigusii. Sikuandika, kwa sababu Kigusii changu hakikuwa na maneno ya mambo makubwa niliyotaka kuyaeleza, na kwa sababu nilijipenda katika Kiswahili. Nilieleza jinsi chavua linavyosafiri. Nilieleza kwamba sukari iliyo ndani ya punje hugeuka kuwa unga upesi sana. Nilieleza kwamba ndevu za hindi zikikauka na kuwa kahawia, bado ganda likiwa kijani, mtu afungue kidogo na kutoboa punje kwa ukucha. Yakitoka maziwa, siku yake imefika, na siku hizo ni chache. Ilikuwa barua nzuri. Nilibaki na nakala.

Nimeisoma tena mara nyingi. Hakuna kosa ndani yake.

Mwezi wa Juni dada yangu aliniandikia, kwa ile karatasi ya daftari yenye mistari. Alinipa salamu za watu wote kwa mpangilio wa umri. Alisema mahindi ni mafupi, na kwamba shangazi yetu aliyeolewa Birongo alikuja kuyatazama akasema yamechoka kabla ya safari. Alisema yanazaa, kila bua mawili. Alisema Tata sasa anakunywa uji mwepesi tu, ule mzito umekataa. Alisema Tata hukaa shambani kutwa nzima kwenye kigoda chake, na kwamba yeye mwenyewe hana tena ndege wa kufukuza kwa sababu ndege wanamwogopa Tata. Kisha akaandika: "Ndevu zimeanza kuwa za kahawia. Tata anauliza utakuja lini." Halafu akaniomba kalamu.

Niliifurahia sana barua hiyo. Niliifurahia kiasi cha kuitumia kwa faida yangu.

Muhula ulikuwa unakwisha na ningeweza kupanda basi siku iliyofuata. Lakini mhadhiri wetu mmoja alikuwa ameandaa semina, na akaniambia, mimi kati ya wanafunzi wote, kwamba nikibaki nitapewa nusu saa ya kusoma makala. Mada yangu ilikuwa kwa nini mkulima mdogo huchelewa kupokea mambo mapya. Sijaitunga hiyo ili kujikejeli. Ningekuwa naitunga ningetunga kitu kisicho na aibu kiasi hicho. Semina ilikuwa baada ya wiki mbili. Ikaahirishwa wiki moja. Nilimjibu dada yangu kwamba ninakuja hivi karibuni, nikatia kalamu ndani ya bahasha, na katika ukurasa wa saba wa makala yangu nikamweka Tata kama mfano wa mzee wa kijijini aliyefungua shamba lake kwa mbegu asiyoijua. Wasikilizaji waliandika hapo. Mtu mmoja aliuliza mavuno yalikuwaje, nami nikamjibu kwamba yanaendelea.

Nilifika nyumbani Ijumaa, jua likikaribia kuzama. Mama alikuwa anafagia uwanja kwa haraka ili Sabato isimkute na ufagio. Aliniona nikipanda njia ya migomba, akautupa ufagio, akanijia, na kabla hajanishika mkono alisema kile alichokuwa amekaa nacho kwa wiki hizo zote. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Hatujagusa hata moja," alisema. "Tumekungoja."

Nilitazama kule chini. Kile kipande cha emonga kilikuwa kimesimama chote, mistari yangu imenyooka kama ilivyopimwa, na kilikuwa cha rangi ya nyasi kavu za paa.

Nilielewa papo hapo, yote kwa pamoja, kama mtu anavyoelewa kwamba amesahau mtoto sokoni. Kwetu aliyeleta chakula ndiye anayekionja kwanza, mbele ya macho ya anayepewa. Mama hakuwahi kumpa mgeni kibuyu cha uji bila kupiga funda moja yeye mwenyewe. Mwenye pombe hunywa kabla ya wageni wake, mwenye nyama humega, na mwenye shamba ndiye anayevunja hindi la kwanza na kulila ndipo wengine wale. Watu wengine husema ni hofu ya sumu na uchawi iliyobaki kutoka zamani, labda. Katika nyumba yetu ilikuwa adabu tu, kama kusema hodi. Na haya yalikuwa mahindi ambayo hakuna mtu yeyote wa vilima vile aliyewahi kuyala. Yalikuwa yangu. Nilikuwa nimepewa emonga, nimepanda kwa mkono wangu. Nani angeyavunja nikiwa sipo? Kuyala kabla yangu kungekuwa sawa na kuniambia kwamba sihesabiwi.

Nilikuwa nimekulia humo. Niliijua desturi hiyo kabla sijajua kusoma. Kilichohitajika ni sentensi moja: kuleni bila mimi. Maneno matatu, kwa lugha yoyote.

Jua lilizama na Sabato ikaanza. Kwetu hakuna aliyevunja mahindi siku ya Sabato, hata kama yangekuwa ya kuokoa roho. Tata alikuwa ndani, amelala chali juu ya kitanda cha sebuleni alichokuwa amehamishiwa. Nilimsalimu nikiwa mlangoni, kama inavyopasa. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Aliuliza habari za safari, kisha akasema, kwa sauti iliyokuwa sasa ya pumzi tu, "Umeyaona?" Nikasema nimeyaona. Akafumba macho kama aliyeridhika.

Jumamosi Mama alikwenda kanisani, nikabaki na Tata pamoja na dada yangu. Alipopata usingizi nilitelemka shambani. Nilikuwa navunja Sabato na nilijua. Nilichagua hindi lililoonekana kijani kuliko mengine, nikavuta ganda, nikaingiza ukucha kwenye punje. Hakuna kilichotoka. Ngozi ilikuwa ngumu, na chini yake kulikuwa na kitu kama nta. Nikatoboa jingine, na jingine, nikawa naenda mstari kwa mstari, kwa ile mistari niliyoipima kwa fimbo.

Dada yangu alikuwa amenifuata. Alisimama kwenye chai akanitazama kwa muda.

"Tata alinisomesha ile barua mara mbili," alisema. "Alisema nitafute mahali uliposema tule. Nikatafuta. Nikamwambia hakuna. Akasema basi unakuja."

Nilimuuliza kama Tata alijua kwamba yanapita siku yake.

"Alijua. Aliyatazama kila siku. Mama alisema tuvunje moja tu, la siri. Tata akasema hapana, utakuja uonje." Akasita. "Mimi niliandika utakuja lini. Si niliandika?"

"Uliandika."

"Nilidhani hukuipata."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikumjibu, na tangu wakati huo amekuwa mwalimu, amestaafu mapema, ana wajukuu, na bado sijamjibu.

Jumapili Mama aliamka mapema, akanipa kikapu, akanituma kuvunja. Alipomenya aliona. Mwanamke aliyelima maisha yake yote haambiwi hindi limefikia wapi. Aliangalia zile punje zilizoanza kukunjamana, akaniangalia mimi, akaanza kuzipukuchua. Akazichemsha kwa saa nyingi. Akazitwanga kwenye kinu, akazichuja kwa kitambaa chake cha kichwa kilichofuliwa, akachanganya na maziwa, ukapatikana uji wa njano. Alifanya kila kitu ambacho mwanadamu anaweza kufanya kurudisha wiki tatu nyuma. Kisha alinikabidhi bakuli.

"Mpe wewe," alisema. "Chakula ni chako."

Niliingia. Tata alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amevaa shati la kanisani. Sikuwahi kumlisha, na nisingethubutu. Lakini yeye mwenyewe alinionyesha kigoda kilichokuwa karibu na kitanda, ndani kabisa ya ule umbali ambao baba na mwana wa kwetu huuacha kati yao. Nikakaa. Akangoja. Nilikumbuka ninachopaswa kufanya, nikachota kijiko, nikaonja mbele yake.

Kilikuwa unga. Mbali sana nyuma ya unga kulikuwa na kitu kama kumbukumbu ya sukari.

"Ni matamu, Tata," nilisema.

Nikampa. Alikipokea mdomoni akakaa nacho. Niliona jinsi alivyokigeuza kwa ulimi, polepole, kama alivyokuwa akiligeuza hindi kwenye moto, akikitafuta kile nilichomwahidi. Kisha akajaribu kumeza na koo likakataa. Akajaribu tena. Mwishowe akachukua kitambaa, akageuza uso ukutani, na nikatazama sakafu kama nilivyofundishwa. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa yamelowa kwa ule mkazo.

"Ni matamu," alisema. "Ulisema kweli."

Tulikaa. Kuku walikuwa wakigombana uwanjani. Nilitaka kuomba msamaha, lakini sisi hatuna mazoea hayo kati ya baba na mwana, na maneno niliyokuwa nayo kwa wingi yote yalikuwa ya aina nyingine. Alizikwa mwezi uliofuata, ukingoni mwa chai yake ya kwanza, na watu wa kanisa walisema mengi mazuri na ya kweli. Hayo yalikuja baadaye. Siku hiyo ya Jumapili alikuwa bado ananitazama, na baada ya muda aliuliza:

"Wiki ile ya ndevu, yangekuwa matamu zaidi?"

"Ndiyo, Tata. Zaidi sana."

"Nilidhani hivyo." Akavuta pumzi. "Hebu niambie."

Sikuelewa.

"Niambie yalivyo," alisema. "Yakiwa siku yake."

Nikamwambia. Kwa mara moja sikutaja mwinuko wala udongo. Nilimwambia kwa Kigusii, kwa maneno ya jikoni, kwamba hindi lake ni la njano kama kiini cha yai la kuku wa kwetu. Kwamba ganda lake ukilimenya linalia kwa ubichi. Kwamba hulichomi sana, unalionyesha moto tu, likianza kunukia unalitoa. Kwamba unaanza mwisho wa mstari, meno hayana kazi, punje zinapasuka zenyewe moja baada ya nyingine na maji yake ni ya moto na matamu na yanateremka bila kuombwa. Tata alikuwa amefumba macho. Taya lake lilikuwa likitembea, kidogo sana. Nilipofika mwisho wa mstari wa kwanza hakufumbua macho, kwa hiyo nikaanza wa pili.

Mama aliita kutoka jikoni. "Amekula?"

Tata aliinua kidole kimoja juu ya blanketi, akakishusha, ishara yake ya ndiyo.

"Amekula," nikamjibu Mama, nikaendelea na mstari wa tatu.